Msisubiri Mpagazi Aseme: Barua ya Wazi kwa Wenye Kampuni za Kupandisha Wageni Kilimanjaro

Waheshimiwa wenye kampuni,

Barua hii ni yenu nyote mnaopandisha wageni Kilimanjaro, wakubwa kwa wadogo, mwenye msururu wa magari na mwenye kuazima hema kwa jirani. Nakala yake ni ya wenzetu wa hifadhi, KINAPA, kwa kuwa lango ni lao. Mimi ni muuguzi, na kabla ya kuvaa sare nilibeba mizigo mlimani kila chuo kilipofungwa, kama wanavyofanya vijana wengi wa huku Moshi wakitafuta ada. Mambo haya nimeyaona nikiwa na mzigo kichwani, nikayaona tena nikiwa nimesimama pembeni ya kitanda.

Mpagazi anapoteremshwa kwa machela, mikono imekakamaa na maneno yake hayaeleweki, bosi wake huuliza swali moja, na mara nyingi huliuliza kwa uchungu wa kweli: "Mbona hakusema mapema?" Jibu lake ni la kitabibu. Baridi ikishamwingia mtu mwilini, mapema sana hugusa akili, hasa ule uwezo wa mtu kujipima na kusema, "Hapa nimefika mwisho." Utaratibu wowote wa usalama unaongoja mpagazi ajitangaze mwenyewe unategemea kitu ambacho baridi hukiharibu kabla ya vingine vingi. Naomba mnivumilie niwaeleze inavyotokea, kisha nitawaambia ninachotaka mfanye.

Tukisikia mtu amekufa kwa baridi Kilimanjaro, mawazo hukimbilia barafu ya kilele cha Kibo. Hata masimulizi ya zamani yanatusukuma huko. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeuona mlima mwaka 1848, aliandika habari aliyoipata Uchagani: kwamba Mangi Rungua wa Machame aliwahi kutuma kundi la watu wakachunguze kile kitu cheupe cha juu, na akarudi mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu imeharibika. Ndani ya kisa hicho mna magonjwa mawili, nasi mpaka leo tunayachanganya. Kuharibika kwa vidole ni nyama yenyewe kuganda, na hilo hutaka hali ya chini ya sifuri. Wenzake Sabaya, kama ni baridi iliyowamaliza, walikufa kwa jambo jingine: joto la ndani ya mwili lilishuka mpaka moyo na ubongo vikashindwa kazi. Jambo hilo halihitaji barafu hata chembe. Hutokea kwenye nyuzi 10, hutokea hata kwenye nyuzi 15 mvua ikinyesha na upepo ukivuma. Hutokea msituni na kwenye nyika iliyo juu ya msitu, mahali ambapo mgeni bado anasimama kupiga picha za maua.

Kitabibu tunaiita haipothemia. Joto la ndani la mtu mzima mwenye afya hukaa karibu na nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu huyo ni mgonjwa tayari, hata kama anatembea na anajibu salamu. Kati ya 35 na 32 ni hatua ya kwanza. Kati ya 32 na 28 ni ya pili. Chini ya 28 ni ya hatari kabisa. Tazameni jinsi nafasi ilivyo ndogo. Kutoka uzima hadi ugonjwa ni nyuzi mbili na kidogo, na kutoka ugonjwa hadi kupoteza fahamu huwa ni nyuzi chache tu nyingine.

Chukueni siku ya kwanza ya njia ya Machame. Kijana amesimama langoni tangu asubuhi akisubiri kupimiwa mzigo. Amekunywa chai na andazi, au hakunywa kitu. Amevaa fulana ya pamba, suruali ya jinzi na raba alizonunua mitumba pale soko la Memorial, nyayo zimeliwa. Anaingia msituni na mzigo wake na wa kampuni, anapanda haraka kwa sababu ni lazima awapite wageni ili wakifika kambini wakute mahema yamesimama. Anatoka jasho. Mvua inaanza, kwa kuwa upande wa kusini wa mlima ndio unaopata mvua nyingi kuliko pande zote. Muda wote huo hasikii baridi. Misuli inayofanya kazi hutoa joto jingi, na joto hilo linamdanganya yeye na linatudanganya sisi.

Kisha anafika, karibu na mita 3,000, anautua mzigo. Hapo ndipo saa ya hatari inapoanza, na ndiyo saa ambayo hakuna anayemwangalia. Misuli imepumzika, joto la kazi limekatika, lakini fulana bado inachuruzika. Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa tulivu kwa takriban mara 25. Pamba ikilowa haikingi tena, inagandamana na ngozi na kuendelea kunyonya joto. Kila upandapo mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo siku ambayo Moshi kuna nyuzi 27, pale kambini mchana ni kama 14, kabla hujahesabu mvua, upepo na usiku unaokuja. Naye bado ana mahema ya wageni ya kusimamisha, na maji ya kuchota. Nguo kavu, kama anazo, ziko chini kabisa ya kiroba kilicholowa.

Mwili hauketi kimya. Kwanza hubana mishipa midogo ya damu ya ngozi, ya mikono na ya miguu, ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni. Ndiyo maana vidole hufa ganzi na kijana anashindwa kufunga kamba ya hema au kufungua zipu ya koti lake mwenyewe. Damu iliyorudishwa ndani huzifanya figo zidhani kuna maji ya ziada mwilini, basi anaenda haja ndogo mara kwa mara, na kila safari anazidi kukaukiwa. Kisha huja kutetemeka. Watu hulichukulia tetemeko kama udhaifu, hata wenzake humcheka. Mimi ningependa mlione kama dawa ambayo mwili umejiandikia: misuli inayotetemeka kwa nguvu inaweza kuongeza joto hadi mara tano ya lile la mtu aliyekaa tu.

Ila dawa hiyo hulipiwa kwa chakula. Tetemeko huunguza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, na misuli ya mpagazi imeshaitumia kwa kupanda. Mtu aliyebeba siku nzima kwa andazi moja ni jiko lililobakiwa na majivu. Upepo hauwezi kulichochea. Atatetemeka kidogo, kisha ataacha. Hapo ndipo nimeona makosa makubwa zaidi yakifanyika. Mwenzake anamtazama, anasema, "Afadhali, ametulia." Mtu aliyelowa, hajala, hajabadilishwa nguo, na ameacha kutetemeka hajapata nafuu. Amepoteza silaha yake ya mwisho, na kuanzia hapo joto litashuka bila kizuizi.

Lakini akili imeanza kuondoka kabla ya hapo. Nyuzi 34, nyuzi 33, kijana bado anatetemeka, ila amekaa pembeni peke yake. Anajibu kwa neno moja. Umemwambia alete ndoo, ameleta kamba. Anakasirika bila sababu. Ulimi unakuwa mzito, maneno yanakatika. Akitembea anayumba, akishika kikombe kinamponyoka. Wenzake watasema amechoka, au ana kiburi, au amekunywa kitu. Mwongozaji atasema mlima umemshika, na hapo asilaumiwe sana, maana ubongo ukivimba kwa sababu ya kimo nao humfanya mtu ayumbe na kuchanganyikiwa, na magonjwa yote mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja usiku mmoja. Usipoweza kuyatofautisha, mtendee yote mawili: mkaushe, mpashe joto, na panga kumteremsha.

Muulizeni mtu wa namna hiyo kama anaumwa. Atasema, "Niko poa." Hasemi uongo. Ndivyo anavyojiona, kwa sababu sehemu ya ubongo ambayo ingemwambia vinginevyo ndiyo iliyopoa. Ukimwachia uamuzi, ataamua vibaya: atakaa juu ya jiwe "apumzike kidogo", ataacha mzigo na kuifuata njia isiyo yake, ataukataa mfuko wa kulalia akisema hauhitaji.

Jambo jingine lazima niliseme waziwazi, kwa sababu nimesikia likisimuliwa kwa minong'ono. Mara nyingine mtu aliyekufa kwa baridi hukutwa amevua nguo, au amejikunyata chini ya jiwe au kichaka kama aliyekuwa amejificha. Huku kwetu maneno huanza hapohapo: amelogwa, ameibiwa, alikuwa amelewa. Familia inabaki na aibu juu ya msiba. Hali hii inajulikana kote duniani penye baridi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mishipa ya ngozi iliyobanwa kwa muda mrefu huishiwa nguvu ya kubana, damu yenye joto inamiminika ghafla kwenye ngozi, na mtu ambaye joto lake la ndani limeshuka mno anahisi anaungua moto. Anavua. Kisha hutafuta upenyo mwembamba wa kujiingiza. Akili iliyobaki haiwezi kumkatalia. Mkipata msiba wa namna hiyo, tafadhali waambieni wazazi ukweli huu kabla majirani hawajawaambia mengine.

Chini ya nyuzi 30 mapigo ya moyo huwa ya polepole na dhaifu, pumzi ni chache, mboni za macho zimepanuka, mwili mgumu. Anayemtazama huona maiti. Moyo uliopoa hivyo ni mwepesi kushtuka. Ukimburuta mgonjwa, ukimwinua ghafla akae wima, au ukimrusha kwenye machela ile ya gurudumu moja juu ya mawe, vyumba vya chini vya moyo vinaweza kuanza kupapatika ovyo vikaacha kusukuma damu. Najua ile machela, najua na ile njia. Mwenye haipothemia kali abebwe kwa usawa, kwa mikono mingi, taratibu, hata ikichukua saa nyingi zaidi. Na asitangazwe mfu kwa haraka. Mwaka 1999 daktari mmoja, Anna Bågenholm, alinaswa chini ya barafu ya mto huko kaskazini mwa Norway kwa dakika 80; joto lake la ndani lilipimwa nyuzi 13.7, moyo umesimama. Madaktari wa Tromsø walimpasha joto damu yake kwa mashine, na akarudi kufanya kazi ya udaktari. Mashine hiyo haiko kwenye kambi ya Horombo wala ya Barafu, na simpi mtu matumaini ya bure. Nalitaja tukio hili ili mwongozaji wenu, kabla hajamfunika mtu uso, atafute mapigo shingoni kwa dakika nzima, si kwa sekunde tano na vidole vyake mwenyewe vikiwa vimekufa ganzi.

Kuhusu huduma ya kwanza, mengi yanayofanywa mlimani kwa nia njema yanaumiza. Mikono na miguu isisuguliwe. Ngozi iliyopoa huchubuka, na mgonjwa hapaswi kutikiswa. Asipewe pombe. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto ilhali analimwaga nje, na hulipunguza lile tetemeko tunalolihitaji. Asiinuliwe haraka akaambiwa atembee ili "damu ichemke": damu baridi ya miguuni ikirudi moyoni kwa ghafla, joto la ndani linaweza kushuka zaidi baada ya uokoaji kuliko kabla yake. Na asifungiwe kwenye hema la jikoni huku jiko linawaka, kwa kuwa hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu waliolala.

Kinachofaa hakina siri. Atolewe kwenye upepo na mvua. Nguo zilizolowa zivuliwe, zikatwe kwa kisu ikibidi, avikwe kavu, kichwa kikiwemo. Chini yake pawekwe godoro la kambi, mabegi, chochote, maana ardhi hunyonya joto sawasawa na upepo. Afungwe ndani ya mfuko wa kulalia, na nje yake karatasi ya nailoni. Chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwa nguo ziwekwe kifuani na makwapani, zisiwekwe miguuni. Kama ana fahamu kamili na anaweza kumeza, apewe uji au chai yenye sukari nyingi. Haya yote yanawezekana kwa vitu ambavyo kila msafara tayari unavibeba kwa ajili ya wageni.

Kwa ajili ya wageni, ndiyo. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze kama wenyeji kwa wenyeji.

Usiku kabla ya safari, mwongozaji wenu hukaa na mgeni hotelini na orodha mkononi. Anamkagua kitu kimoja kimoja: koti la mvua, soksi za sufu, glavu, kofia, mfuko wa kulalia wa kuhimili baridi kali. Pungufu hukodishwa hapohapo. Mlimani, asubuhi na jioni, anampima oksijeni kidoleni na kumuuliza kama amelala na kama amekula. Ni kazi nzuri, na ndiyo imeupa mlima huu jina. Lakini wapagazi wa safari hiyohiyo, ambao kwa kila mgeni ni watatu au zaidi, wengi hupatikana langoni asubuhi kwa kuita majina. Anayekaguliwa ni mzigo wake. Mizani ya lango inahakikisha hazidishi kilo 20, na nawapongeza waliopigania kanuni hiyo. Mizani hiyo haijui mbebaji amevaa nini.

Mtaniambia wamezoea, ni watoto wa mlimani. Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na mara nyingine na wapagazi wenyewe. Mazoea ya baridi yapo, lakini yanafanya kazi kinyume na mnavyodhani: mwili uliozoea huchelewa kutetemeka na huhisi nafuu mapema, wakati joto linaendelea kupotea kama la mwingine yeyote. Tena vijana wengi tunaowachukua ni wembamba, hawana mafuta mwilini ya kuwakinga, na si wote wa Uchagani. Wapo wanaotoka mikoa ambako hawajawahi kuona hali ya chini ya nyuzi 15. Mwili wa Mmarekani aliyenunua koti la dola mia nne na mwili wa kijana wa Kibosho huanza kuumwa kwenye nyuzi ileile, 35.

Sasa maombi yangu. La kwanza ni ukaguzi. Orodha ya mgeni itumike kwa mpagazi, usiku mmoja kabla, mjini, pale ambapo pungufu bado linaweza kuzibwa. Koti lisilopitisha maji, suruali ya mvua, sweta la sufu au la nailoni badala ya pamba, viatu vilivyofungwa vyenye nyayo, kofia, glavu, mfuko wa kulalia unaofaa kule juu, na seti moja ya nguo kavu iliyofungwa kwenye nailoni. Msiniambie gharama ni kubwa. KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro ulio hapa Moshi, umekuwa ukiwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo kwa miaka mingi; kinachotakiwa ni kumwambia kijana apitie pale, na kumpa muda wa kupitia. Na KINAPA, kwa kuwa mmeweza kusimamia kilo, naamini mnaweza kusimamia na koti. Asiyekuwa nalo asivuke lango, na kosa liandikwe kwa kampuni, lisiandikwe kwa kijana.

Kuhusu hema na chakula sitasema mengi, mnajua. Hema la wapagazi liwe na sakafu na lisimamishwe mvua inaponyesha, lisiwe lile hema la kulia linalongoja wageni wamalize kula ndipo liwe bweni. Chakula cha moto, au angalau chai yenye sukari, kimfikie mpagazi anapotua mzigo, ndani ya ile saa niliyoieleza. Mpishi hutangulia, ni suala la nani anamiminiwa kikombe cha kwanza.

Lililo kubwa zaidi kwangu ni mshahara. Sababu inayofanya mpagazi afiche baridi kabla akili haijaondoka, wakati bado angeweza kusema, ni kwamba anayerudishwa chini siku ya pili hulipwa siku mbili, na bakshishi ya mwisho wa safari hagawiwi. Nimemfunga kijana blanketi huku akiniomba nisimwambie mwongozaji. Alikuwa na mtoto anayedaiwa ada. Kwa hiyo tunaye mtu ambaye mapema hawezi kusema kwa sababu ya fedha, na baadaye hawezi kusema kwa sababu ya ubongo. Katikati ya hayo mawili hakuna dakika hata moja ambayo mngeweza kuitegemea. Andikeni kwenye utaratibu wenu, na mwongozaji mkuu ausome kwa sauti langoni: anayeteremshwa kwa ugonjwa hulipwa safari nzima, na fungu lake la bakshishi liko palepale. Ni fedha kidogo kuliko mnazotumia kumteremsha mgonjwa mmoja aliyechelewa.

Na kwa kuwa hatajisema, awepo wa kumsema. Wapagazi wapangwe wawiliwawili tangu langoni, kila mmoja akijua kwamba akifika kambini bila mwenzake ataulizwa. Jioni majina yaitwe, mtu aonekane kwa macho na ajibu kwa sentensi kamili, kwa sababu "naam" inaweza kutamkwa na mtu mwenye nyuzi 33. Mpeni wa mwisho njiani mtu wa kutembea naye. Mwongozaji msaidizi mmoja apewe kazi ya afya ya wapagazi, kazi yenye jina na posho yake, na awe na mamlaka ya kumteremsha mtu bila kumwomba ruhusa mtu huyo. Mkoba wake uwe na kipimajoto kinachosoma joto la chini. Vile vya maduka ya dawa vimetengenezwa kutafuta homa. Vya zebaki vingi huanzia nyuzi 35, vya digitali vingi huishia 32, yaani vinanyamaza pale hasa tunapovihitaji.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na sioni ndani yake mstari unaosema mlima si mahali pa kazi. Najua wengi wenu mtanijibu kwamba mpagazi ni kibarua wa siku sita, hana mkataba. Hilo ni tatizo jingine na lina barua yake. Anapokuwa kwenye nyika ya Shira amelowa, yuko pale kwa sababu mmempeleka, na mgeni aliyelala hemani amelala juu ya godoro alilolibeba yeye.

Vuli inakaribia, na wageni wa Krismasi wameshalipa. Naomba kabla ya safari yenu ya kwanza ya msimu huo kila mwenye kampuni aende mwenyewe, usiku wa kuamkia safari, akafungue kiroba cha kila mpagazi wake na kuona kilichomo. Akikuta koti la mvua na nguo kavu, nitafurahi. Asipozikuta, safari hiyo isianze asubuhi.

Wenu,
Muuguzi na mpagazi wa zamani,
Moshi